Vumbi Linalorudi Kabla ya Jioni: Mwongozo Kamili kwa Nyumba za Arusha na Moshi

Malalamiko ni yale yale kutoka Muriet, Arusha, hadi Pasua, Moshi: nyumba imefagiwa, imepigwa deki, meza zimefutwa, na ikifika saa 9 alasiri unaweza kuandika jina lako kwa kidole juu ya runinga. Wengi hujibu kwa kuongeza bidii. Wanafagia mara 2, mara 3 kwa siku, na vumbi bado linawashinda.

Bidii haikosekani. Kinachokosekana ni mpangilio. Vumbi linafutwa huku njia zake za kuingilia ziko wazi, na hata linapofutwa halishikwi. Linarushwa tu kutoka sakafuni kwenda hewani, kisha linatua tena pale pale.

Hapa tutaanza na kutafuta linakotoka, halafu kulizuia, halafu ndipo tulikamate kwa unyevu. Ukiruka hatua ile ya kwanza utatumia pesa kuziba mahali pasipovuja.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza. Kazi ikikatika katikati kwa kutafuta kitambaa, vumbi ulilolitikisa linatua juu ya ulichokwisha kufuta.

Vya kusafishia

- Ndoo 2 za lita 10, moja iwe nyeupe au ya rangi iliyofifia ili uone maji yanapochafuka.
- Mopa, au kitambaa cha deki kinachokamulika vizuri.
- Vitambaa 8 vya pamba au maikrofaiba, takriban sentimita 40 kwa 40. Fulana za mitumba za pamba tupu zinafaa sana, na pale Memorial, Moshi, hazikosekani. Epuka poliesta, haishiki maji.
- Shuka 1 kuukuu la pamba na foronya 1 kuukuu.
- Fagio laini la ndani, fagio la utando lenye mpini mrefu, kizoleo chenye ukingo wa mpira, na brashi ya rangi ya inchi 2 kwa ajili ya kona.
- Magazeti ya zamani na sabuni ya maji.
- Barakoa aina ya N95. Ya kitambaa haizuii vumbi laini.

Vya kuzibia na kupimia

- Tyubu kuukuu ya gari, ubao mwembamba wenye urefu sawa na upana wa mlango, skrubu fupi.
- Sponji ya kubandika kwenye fremu, silikoni 1, wavu wa mbu.
- Sahani 4 nyeusi, au vipande 4 vya kioo vilivyolazwa juu ya karatasi nyeusi.
- Tishu nyeupe, tochi, udi wa kijiti.

## Hatua ya 1: Jua vumbi lako linatoka wapi

Chagua siku isiyo na mvua. Futa sahani 4 zing'ae, kisha weka moja karibu na mlango wa mbele, moja kwenye dirisha la upande wa barabara, moja juu ya kabati karibu na dari, na moja katikati ya chumba cha kulala. Ziache saa 24 huku maisha yakiendelea kama kawaida.

Siku ya pili futa kila sahani kwa tishu nyeupe iliyolowanishwa kidogo, kisha zipange tishu zote 4 kwenye mwanga wa jua. Anza kusoma rangi.

Kahawia, nyekundu au kijivu, na inakwaruza ukiisugua kati ya vidole: udongo wa nje. Udongo wa miteremko ya Meru umetokana na majivu ya volkano. Magurudumu ya bodaboda na vifodi (daladala ndogo) yakishausaga unakuwa laini kama unga wa sembe na kupita kwenye ufa usiouona kwa macho. Nenda hatua ya 2, 3 na 4.

Nyeusi, inateleza kama ina mafuta: masizi ya mkaa, kuni, au moshi wa magari. Hamishia jiko la mkaa nje. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Arusha inapokaza, wapo wanaoliingiza ndani ili kupata joto na kufunga madirisha. Masizi ndiyo madhara madogo hapo. Hewa ya mkaa unaowaka haina rangi wala harufu ya kukuamsha, na imeua familia nzima usingizini. Jiko la mkaa lisilale ndani, hata likionekana limezimika.

Nyeupe, laini: inatoka ndani ya nyumba yenyewe, yaani ukuta uliopakwa chokaa, jipsamu au sakafu ya saruji. Nenda hatua ya 6.

Manyoya-manyoya: nyuzi za nguo, mazulia na matandiko. Kazi yako kubwa iko hatua ya 7.

Linganisha pia wingi. Sahani ya juu ya kabati ikiwa chafu kuliko ya dirishani, vumbi linashuka kutoka darini, na hakuna deki itakayolimaliza. Nenda hatua ya 5 kwanza.

## Hatua ya 2: Uwanja

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndipo wengi wasipopagusa.

Desturi ya kufagia uwanja kila asubuhi kwa fagio la chelewa ni nzuri kwa macho, lakini kila mfagio unalegeza tabaka la juu la udongo. Mchana upepo unalichukua lile lililolegea na kulipeleka sebuleni. Okota majani kwa mkono au kwa reki yenye meno mapana. Kama lazima ufagie, fagia kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, umande ukiwa bado chini, au nyunyiza kwanza.

Kunyunyiza hakuhitaji maji safi. Maji ya kusuuzia nguo yanatosha. Lita 10 zinatosha ukanda wa mita 2 kwa 5 mbele ya mlango. Unataka udongo ushikane, si tope. Tope likikanyagwa linaingia ndani na viatu, likikauka linakuwa vumbi la kesho.

Dawa ya kudumu ni kufunika udongo:

1. Kwenye njia ya kutoka getini hadi mlangoni, mwaga kokoto za robo tatu ya inchi kwa unene wa sentimita 5. Njia ya mita 1 kwa 10 inakula nusu mita ya ujazo, karibu toroli 8 hadi 10. Shindilia udongo kabla ya kumwaga, la sivyo kokoto zitazama masika ya kwanza.
2. Mahali pasipopitwa sana, panda ukoka. Panda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, mvua ikufanyie kazi ya kumwagilia.
3. Upande wa barabara, ua hai unachuja kuliko ukuta mtupu, kwa sababu upepo unapita kwenye majani na kuacha vumbi pale. Michongoma inafaa kwa mpaka. Masale, ambayo kila Mchaga anayajua kwenye mipaka ya kihamba (shamba la ukoo), yanasimama vizuri na hayaombi maji mengi. Yaoshe majani kwa maji mara moja moja wakati wa kiangazi. Jani lililojaa halishiki tena.

Umefaulu ikiwa: saa 8 mchana, upepo ukivuma, hakuna wingu linaloinuka mbele ya mlango wako, hata kama barabarani lipo.

## Hatua ya 3: Mlango

Viatu viishie barazani. Weka rafu ya viatu nje ya mlango na kandambili za ndani upande wa pili. Mgeni akiona rafu anaelewa bila kuambiwa.

Weka vifutio 2 vya miguu. Cha nje kiwe kigumu, cha makumbi, cha kukwangua. Cha ndani kiwe cha pamba, cha kushika vumbi laini. Kila kimoja kiwe na urefu wa kutosha mguu wa kushoto na wa kulia kukanyaga, sentimita 60 au zaidi. Vikung'ute kila siku mbali na mlango. Kifutio kilichojaa kinagawa vumbi badala ya kulichukua, na hilo ndilo kosa la kawaida.

Sasa ziba chini ya mlango. Usiku zima taa, mtu asimame nje na tochi aimulike sehemu ya chini. Ukiona mwanga ndani, vumbi nalo linaona njia.

1. Kata ukanda wa tyubu wenye upana wa sentimita 6 na urefu pungufu ya upana wa mlango kwa nusu sentimita.
2. Ulaze upande wa ndani wa mlango, chini kabisa, ili uguse sakafu na kujikunja kidogo sana, milimita 3 hivi. Ukiwa mrefu zaidi unakokota na kuchanika ndani ya mwezi.
3. Weka ubao mwembamba juu ya ukanda, kisha kaza skrubu kila baada ya sentimita 15. Skrubu bila ubao zinachana mpira.
4. Sogeza kifutio cha ndani mbali na mzunguko wa mlango.

Pembeni na juu ya fremu bandika sponji. Futa fremu kwa kitambaa chenye maji na uiache ikauke kabisa kabla. Sponji haishiki juu ya vumbi.

Tahadhari: jikoni kwenye mtungi wa gesi usizibe matundu ya hewa, hasa ya chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja inatuama chini. Ni afadhali vumbi.

## Hatua ya 4: Madirisha

Alasiri yenye upepo, washa udi na upitishe polepole pembezoni mwa kila dirisha lililofungwa. Moshi ukisukumwa kwa nguvu kuelekea ndani, hapo panavuja. Weka alama kwa penseli.

Dirisha la alumini la kuteleza huvuja mahali 2: kati ya fremu na ukuta, na kwenye manyoya ya brashi yaliyochakaa pembeni mwa kioo. Pa kwanza tumia silikoni. Manyoya mapya fundi wa alumini anakuwa nayo na huyabadilisha haraka. Lakini angalia kwenye reli ya chini kuna vitundu vidogo vinavyotazama nje. Hivyo ni vya kutolea maji ya mvua. Ukivijaza silikoni, masika maji yatafurikia ndani na kuharibu ukuta.

Madirisha ya luva, yale ya vioo vilivyopangwa ngazi-ngazi, hayafungi sawasawa hata yakiwa mapya. Upande wa barabara funga kipande cha kioo au plastiki ngumu angavu kwa ndani, uache luva za upande mwingine zipitishe hewa.

Wavu wa mbu nao ni chujio, na chujio husafishwa. Kiangazi uoshe kila baada ya wiki 2 kwa sponji yenye maji ya sabuni, ukisugua kutoka ndani kwenda nje. Ukiubrashi mkavu kutoka nje, umelipulizia vumbi chumbani.

Kuhusu kufungua: nyumba lazima ipumue. Fungua asubuhi mapema, kati ya saa 12 na saa 2, kabla jua halijachemsha ardhi na kuamsha upepo, na ufungue zaidi upande usiotazama barabara. Kama barabara yako huchangamka kwa mabasi ya shule saa 12 na nusu, anza alfajiri zaidi. Funga upande wa barabara mchana, kisha fungua tena jioni magari yakipungua.

## Hatua ya 5: Dari

Nyumba nyingi zina uwazi kati ya ukuta na bati. Vumbi linaingia pale, linalala juu ya silingi bodi miaka na miaka, na kila mlango unapobamizwa linashuka kupitia viungo.

Ule uwazi usiuzibe kwa saruji. Joto na unyevu vinatokea pale, na mbao za paa zikikosa hewa zinaoza. Funga wavu wa mbu wa chuma. Ndani, jaza viungo vya bodi na kingo za ukuta kwa silikoni ya kupakika rangi, kisha bandika sponji kuzunguka kifuniko cha kupandia darini.

Ukipanda darini, vaa barakoa, kanyaga mbao tu na kamwe si bodi, na usifagie kavu. Kama paa ni la asbesto la zamani, usilisugue, usilitoboe, usilifagie. Nyuzi zake zinaharibu mapafu.

## Hatua ya 6: Sakafu inayotoa unga

Sugua kiganja kwa nguvu kwenye sakafu safi, kavu. Kikitoka cheupe, sakafu yenyewe ndiyo inayotengeneza vumbi. Sababu huwa zege au plasta iliyochanganywa na maji mengi, au iliyokauka haraka kwa kutomwagiliwa siku 7 za mwanzo.

Wengi hupiga niru mpya juu yake. Inabanduka kwa vipande, kwa sababu imeshika unga badala ya sakafu. Osha kwa brashi ngumu, acha ikauke siku 3, kisha paka dawa ya kuimarisha saruji au rangi maalumu ya sakafu, tabaka 2 nyembamba. Ikiwa inamong'onyoka ukiikwaruza kwa sarafu, rangi haitaiokoa. Tabaka lote dhaifu ling'olewe na fundi.

## Hatua ya 7: Usafi wenyewe

Kufagia kavu hurusha chembe laini. Zile nzito hutua mara moja, lakini zile ndogo kabisa huelea hewani saa kadhaa, na hizo ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo sheria ni 2: kila kitu kwa unyevu, na kutoka juu kwenda chini.

Mwenye pumu na watoto watoke nyumbani kwa muda wa angalau saa 2. Na kama kazi inafanywa na dada wa nyumbani, barakoa ni ya kwake kwanza. Yeye ndiye anayevuta vumbi la nyumba nzima kila siku, na mara nyingi ndiye asiyepewa kitu.

1. Funga madirisha, zima feni. Upepo wakati wa kufuta ndio unaorudisha vumbi nyuma yako.
2. Utando na kuta. Funga kitambaa chenye unyevu kwenye fagio la utando. Kwenye jipsamu nyeupe tumia maikrofaiba kavu. Maji yataacha madoa.
3. Feni ya dari. Zima kwenye swichi kuu. Ingiza foronya kwenye panga lote, bana kwa mikono, vuta polepole. Vumbi linabaki ndani ya foronya.
4. Mapazia. Yashushe taratibu, yakunje ndani-nje, yatoe nje.
5. Makabati, fremu, meza. Kunja kitambaa mara 2 upate nyuso 8. Kilowanishe, kamua hadi kisidondoshe. Futa kwa mkondo mmoja ukielekea kwako, geuza uso mpya unapochafuka. Kitambaa kimoja kinachochovywa ndoo ile ile nyumba nzima kinapaka tope jembamba, na likikauka ndilo vumbi la jioni.
6. Makochi. Lowanisha shuka la pamba, likamue kabisa, litandike juu ya kochi, kisha pigapiga kwa kiganja. Vumbi linapanda na kunasa kwenye shuka. Suuza, rudia hadi shuka litoke safi. Mara 3 kwa kawaida.
7. Runinga, king'amuzi, nyuma ya friji. Chomoa umeme, tumia brashi kavu na kitambaa kikavu.
8. Subiri nusu saa. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Acha vumbi litue kabla ya kugusa sakafu.
9. Fagia. Chana magazeti, yaloweshe, yakamue, yatawanye sakafuni, kisha fagia kwa mikondo mifupi bila kuinua fagio. Vipande vinabeba vumbi.
10. Piga deki. Ndoo ya kwanza: lita 5 za maji na kijiko 1 cha chakula cha sabuni. Ya pili: lita 5 za maji matupu ya kusuuzia mopa. Badilisha maji kila chumba, au usipoona tena chini ya ndoo nyeupe. Sabuni nyingi inaacha utando unaonata, na unaonata unashika vumbi.

Mazulia yatundikwe nje upande usiopeleka vumbi nyumbani, uso ukitazama chini, yapigwe na kuachwa juani. Mashuka na foronya fua kila wiki. Maji ya nyuzi 60 huua utitiri wa vumbi, vidudu vidogo sana vinavyoishi kwenye matandiko. Vyandarua vyenye dawa ni tofauti: vingi vimetengenezwa kuhimili mara 20 hivi za kufuliwa, kwa hiyo vikung'ute nje mara kwa mara, uvifue mara chache kwa sabuni laini bila dawa ya kung'arisha, na uvianike kivulini.

Mashine ya kufyonza vumbi ni nzuri ikiwa na chujio la hepa. Isiyo nalo inameza chembe kubwa na kupuliza ndogo kwa nyuma.

Umefaulu ikiwa: dakika 10 za kutembea na soksi nyeupe baada ya sakafu kukauka zinaziacha nyeupe. Rudia jaribio la sahani siku inayofuata, ulinganishe tishu na zile za mwanzo.

## Hatua ya 8: Ratiba

Kiangazi, Januari hadi Februari na Julai hadi Oktoba: kila siku kung'uta vifutio, deki ya sebule na korido, kufuta meza kwa kitambaa chenye unyevu. Dakika 20 zinatosha. Kila wiki matandiko, makochi na juu ya makabati. Kila mwezi hatua ya 7 yote.

Masika na vuli punguza nusu, ila vifutio viongezwe uangalizi kwa sababu ya tope.

## Ukikwama

Michirizi ya kijivu sakafu ikikauka. Maji machafu au sabuni nyingi. Piga deki mara moja kwa maji matupu.

Vumbi limerudi ndani ya saa 2. Hukusubiri nusu saa, au dirisha la upande wa barabara lilikuwa wazi.

Chumba kimoja tu ndicho kinachosumbua. Weka sahani 4 ndani ya chumba hicho pekee na urudie hatua ya 1. Mara nyingi ni kiungo cha dari au nguo zilizorundikwa juu ya kabati.

Unga wa rangi ya mbao unaojikusanya mahali pale pale, chini ya kitanda au fremu. Hilo si vumbi. Tafuta vitundu vidogo vya mviringo kwenye mbao juu yake: ni wadudu watobozi. Kufuta hakutasaidia, mbao inahitaji dawa ya wadudu ipakwe na kudungwa kwenye vitundu, na fremu iliyokwisha kuwa nyepesi ibadilishwe kabla haijavunjika mtu akiwa amelala.